Bibi Mchachu Hajamaliza Eda

Sehemu ya tisa

"Najat, mamkubwa anacheza!"

Hiyo ndiyo sauti ya Zuwena, anayekaa na mamkubwa nyumbani, tuliyoiacha Jumamosi iliyopita ikipasua simu, na Najat akiwa amesimama katikati ya mkutano wa kampuni ya juisi ya Chachua, watu wote wanamtazama.

"Anacheza nini? Wapi?"

"Mtandaoni! Kakata kiuno, hina mpaka viwikoni, chupa ya juisi mkononi! Na eda yake haijafika hata nusu! Mabawa nzima imeiona. Mashemeji zake wameiona. Wametoka Mwera asubuhi, Najat, wanakuja kumtoa nyumbani!"

Simu ikakatika.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, usihangaike kuliomba kwa jirani. Mambo yalikuwa hivi. Mamkubwa ni Bi Saleha, aliyemlea Najat tangu mama yake mzazi alipofariki. Kafiwa na mumewe, Bwana Ibrahimu, na sasa yuko edani katika nyumba yao ya Mabawa, Tanga. Hatoki nje. Hajipaki hata mafuta ya kunukia. Mwanamume asiye maharimu wake akija kumpa pole, humsemesha kutoka nyuma ya pazia. Na Bi Saleha huyo huyo, kuanzia leo asubuhi, yuko kwenye simu za vijana wote kutoka Pangani hadi Horohoro, anatingisha mabega na kunywa ukwaju, na chini yake yameandikwa maneno makubwa ya njano: BIBI MCHACHU KACHACHUKA!

Nani kamtia huko? Usiende mbali. Ni huyu huyu Najat.

Alikuwa na kazi ya kuwachekesha vijana ili wanunue juisi. Bosi wake, Wael bin Harub, alirudi kutoka Maskati na suruali ya kubana na cheti cha masoko alichokipata mtandaoni akiwa kitandani. "Kijana wa leo hanunui juisi," aliwatangazia wafanyakazi wa baba yake, "ananunua kicheko." Basi kila kitu kikapelekwa kwa akili mnemba. Iliambiwa itengeneze kijana wa Tanga akifurahia ukwaju, ikaleta kijana mwenye sweta na kofia ya manyoya. Iliambiwa ilete bibi wa Kiswahili aliyekunja uso kwa uchachu, ikaleta bibi mwenye meno meupe thelathini na mbili, anatabasamu kama anauza dawa ya meno.

Ndipo Najat akailisha mashine picha ya mamkubwa, ile aliyompiga arusini akionja achari ya ndimu. Uso ulikuwa umejikunja wote, jicho moja limefumba. Mashine ikaichukua, ikaichezesha, na Najat akacheka peke yake mpaka machozi. Hakumwomba mwenyewe ruhusa. Kisha Bwana Ibrahimu akafariki, msiba ukaingia, na Najat akaificha klipu ile ndani ya kompyuta ya ofisi. Kuifuta ilimuuma. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote.

Na Wael, ambaye hajawahi kufungua faili la mauzo, akalifungua hilo, akalirusha mtandaoni.

"Bosi, ifute," Najat alisema pale mkutanoni.

"Nifute?" Wael alicheka. "Najat, una habari watu wangapi wameitazama tangu asubuhi? Vijana wanaigiza! Kuna stika! Mtu akiulizwa kalala vipi, anajibu kwa stika ya bibi yako!"

"Si bibi. Ni mamkubwa wangu. Ni mtu mzima mwenye jina lake, na yuko edani."

Wael aliweka mkono kifuani. Kwa kitambo kifupi Najat aliamini kwamba ameingiwa na haya.

"Pole sana," Wael akasema. "Kumbe kuna hadithi nyuma yake! Vijana wanapenda hadithi." Akainamia kompyuta, akaiandikia mashine huku akijisomea kwa sauti: "Nipe maneno ya kuchekesha kuhusu mjane aliyetoroka eda kwa sababu ya juisi. Yawe ya kijana. Tia vikatuni vya kucheka."

Mashine haikuona haya, maana haina. Ilijibu kabla hajamaliza kukaa vizuri: "Eda inaweza kungoja, kiu haingoji!"

"Mnaona?" Wael alipiga meza. "Kitu kama hiki ungekaa unawaza mwezi!"

Godlisten, mhasibu, alikohoa. "Bosi, mimi ni Mlutheri. Lakini hata mimi naona hili siyo."

"Wewe ni mhasibu. Wewe si mteja wetu, una kipara."

"Watu wa Tanga watakasirika, bosi," Najat alisema.

"Wakasirike! Mtu akikasirika anamtumia mwenzake ili naye akasirike. Hiyo ndiyo biashara, ndugu yangu."

Najat alitamani kumpiga kwa hiyo kompyuta. Badala yake alikimbia kwenda ofisi ya juu, kwa Mzee Harub, baba yake Wael na mwenye kiwanda. Mzee Harub ni mtu wa swala tano. Akisikia jambo hili, Wael atafuta video na kuosha chupa mwezi mzima.

Ofisi ilikuwa tupu, inanuka udi.

"Mzee kaiona hiyo klipu," mlinzi alimwambia. "Kaitazama, kaitazama tena. Kavaa kanzu mpya, kamwita Bwana Sadalla, wametoka mbio. Kauliza nyumba ya huyo mama iko mtaa gani Mabawa."

Alhamdulillahi! Najat alihisi moyo unarudi mahali pake. Mzee anakwenda kuomba radhi mwenyewe. Akarukia bajaji, akamwambia dereva akimbize.

Dereva alikuwa na simu iliyofungwa mbele ya usukani. Humo alikuwamo mamkubwa, anazunguka.

"Dada, umemwona huyu bi mkubwa?" aliuliza kwa furaha. "Kafiwa juzi, eti. Mambo ya Tanga haya!"

Najat aliangalia pembeni, akalia kimya kimya mpaka Mabawa.

Barazani kwa Bi Saleha palikuwa pamejaa kuliko siku ya msiba wenyewe. Tofauti ni kwamba siku ya msiba watu walileta mchele, na leo wameleta simu. Katikati amekaa Bwana Sabiri, mdogo wake marehemu, mwenye minazi kule Mwera na kauli ya pole inayochoma. Karibu naye dada yao, Bi Harusi, ambaye hana kauli ya pole ya aina yoyote. Ndani, mlangoni mwa chumba, pazia la kijani limeshuka mpaka chini, na nyuma yake kuna mwanamke analia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," alijibu Sabiri. "Na wewe umekuja kuona dansi? Umechelewa, sie tumeshaiona."

"Dansi si neno!" Bi Harusi alidakia. "Mtu anaweza kuzidiwa na majonzi akarukaruka. Mie nnauliza hina! Hina inataka kukandwa, inataka kupakwa, inataka kukaa mtu akangoja ikauke. Hayo si majonzi hayo! Hayo ni makusudi!"

Wanawake wa mtaa wakaguna kwa pamoja. Hoja ya hina ilikuwa nzito.

"Wifi, wallahi sikupaka!" Sauti ya Bi Saleha ilitoka nyuma ya pazia, imekauka kwa kulia. "Zuwena yuko nami usiku na mchana, muulizeni!"

"Zuwena unamlisha wewe," alisema Harusi. "Toa mikono tuione."

Vikatokea viganja viwili chini ya pazia, vyeupe, havina hata doa.

"Kaikwangua kwa ndimu," Harusi akasema papo hapo.

Sabiri aliinua mkono kutaka utulivu. "Shemeji, mie sina ugomvi na mtu. Marehemu kaka yangu hakujaliwa mtoto, na nyumba hii ilikuwa jasho lake. Ulisema kakupa, tukakuacha ukae kwa heshima ya eda. Eda umeivunja mwenyewe, mbele ya watu. Sasa fungasha, upishe wenye nyumba."

Hapo ndipo watu waliposogea kupisha njia, kwa sababu kuna mgeni aliyekuwa anaingia. Alikuwa Bwana Sadalla, msiri wa Mzee Harub. Nyuma yake wanawake watatu na masinia vichwani.

Najat karibu aruke kwa furaha. "Huyu hapa! Katumwa na Mzee Harub mwenyewe, mwenye kampuni! Kaja kuwaelezeni kila kitu!"

"Assalaamu aleikum," alisema Sadalla, akasafisha koo. "Ndugu zangu, nimetumwa na Mzee Harub. Mwenyewe yuko garini pale kona, kaona haya kuingia. Mzee ni mgane, kama mnavyojua. Asubuhi ya leo amepata habari njema kwamba Bi Saleha amekwisha toka edani salama, na amemwona mwenyewe, mashallah, ana afya na furaha. Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa..."

Akafunua sinia la kwanza. Halua. Akafunua la pili. Udi na marashi. Akafunua la tatu. Katoni ya juisi ya Chachua.

"...tumekuja kuposa."

Msomaji, umewahi kuona watu wote wa mtaa wakikosa la kusema kwa wakati mmoja? Posa! Kwa mwanamke aliye edani! Hata kumtajia kwa sauti ni haramu, seuze kumletea udi!

Bi Harusi ndiye aliyerudiwa na ulimi wa kwanza. "Mmeona! Na bwana keshamtafuta! Kaka yangu hata kaburi halijakauka!"

Nyuma ya pazia kukasikika kitu kizito kinaanguka, na Zuwena akapiga kelele kwamba mamkubwa amezimia.

Najat hakungoja tena. Alipanda juu ya benchi la baraza, mbele ya wazee, bila hata kuvua viatu.

"Nimemtengeneza mie!" alipiga kelele. "Sikilizeni! Yule anayecheza si mamkubwa! Ni mashine! Nilichukua picha yake ya arusini, nikaipa kompyuta, ikamchezesha! Yeye hajui lolote! Kosa ni langu peke yangu!"

Watu walimtazama kwa huruma. Mtoto mzuri, anamtetea mlezi wake.

"Mwanangu," Sabiri alisema taratibu, "picha haichezi. Mie nimekwenda shule."

"Inacheza! Tazameni mkono wa kushoto, una vidole sita!"

"Nani atakaa kuhesabu vidole vya mwanamke anayekata kiuno?" aliuliza Harusi.

"Basi ntawaonesha. Sasa hivi, hapa hapa." Najat alitoa simu, akaielekeza kwa Sabiri, akampiga picha alivyokaa na kofia yake na bakora yake. Akaandika maneno. Akabonyeza. Halafu akafumba macho kwa uchungu. "Bando limeisha."

Mtaa mzima ulimrushia mtandao. Hakuna aliyetaka kuikosa.

Walingoja. Sadalla alisimama na masinia yake asijue aondoke au akae. Ndani, Bi Saleha alikuwa amezinduka, wakasikia anapewa maji. Kisha simu ikalia, na Najat akaigeuza watu waione.

Bwana Sabiri wa Mwera alikuwa amevaa dera la maua mekundu. Alikuwa na hina. Alikuwa na chupa ya Chachua. Alikata kiuno kwenda kushoto, akakata kwenda kulia, akajizungusha na bakora yake, akakonyeza jicho.

Yowe lililotoka barazani pale lilisikika mpaka barabara kuu. Wanawake walishikana mabega kwa kucheka. Kijana mmoja alianguka ngazini. Sadalla, mshenga mwenye adabu zake, alicheka mpaka akamwegemea mwenye halua. Hata Bi Harusi alijaribu kukaza uso, akashindwa, akajifunika mtandio.

"Kumbe ni mashine kweli!" watu walisema. "Masikini Bi Saleha! Tumemuonea!"

"Wifi, unisamehe," Harusi alisema kuelekea pazia, huku mabega bado yanatikisika.

Najat alishuka kwenye benchi, raha imemjaa mwili mzima. Mamkubwa ameokoka! Sadalla akauliza kwa sauti ndogo kama halua arudi nayo. Akaambiwa udi arudi nao, halua aiache.

Mtu mmoja tu hakucheka wala hakukasirika. Sabiri alikuwa ameishika ile simu, anajitazama anavyocheza. Aliitazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akatabasamu.

"Ajabu ya Mungu," alisema. "Sijawahi kuvaa dera maishani mwangu, na mtu akiona hapa ataapa ni mie. Najat, mwanangu, mashine hii inaweza na kumsemesha mtu asichokisema?"

"Inaweza, baba mdogo." Kazi aliipenda, na hakuona pa kuinyima sifa.

"Kwa sauti yake mwenyewe?"

"Kwa sauti yake mwenyewe. Mtu hatambui."

"Hata kama amekufa?"

Najat alifungua mdomo ajibu. Akaona swali linampeleka wapi. Lakini alikuwa ameshachelewa.

"Ndugu zangu," Sabiri alisimama, "mnakumbuka siku ya hitma. Tulitaka kugawa mirathi kwa sheria. Tukaletewa simu, tukasikilizishwa sauti ya kaka Ibrahimu akiwa mgonjwa, anasema nyumba hii kampa mkewe hiba. Shahidi hakuna, walikuwa wawili tu chumbani. Tukainamisha vichwa, tukanyamaza, kwa sababu sauti ilikuwa ya kaka yetu." Akamrudishia Najat simu yake kwa adabu. "Nani alituletea sauti ile? Alikuwa binti huyu. Na kazi ya binti huyu ni ipi? Mmeiona nyote."

Kicheko kikafa barazani. Wale wale waliomtetea Bi Saleha sasa hivi wakaanza kutazamana.

"Mamkubwa alirekodi mwenyewe kwa simu yake!" Najat alisema.

"Vizuri. Basi apa. Leteni msahafu. Apa kwamba mashine haijaigusa sauti ile, nami nitarudi Mwera leo hii, sitaidai nyumba hii mpaka naingia kaburini. Una udhu?"

Hakuwa nao. Akaoneshwa bomba la uani.

Najat alifungua maji, akaosha mikono, akaiosha tena na tena, hataki kumaliza. Kwa sababu sauti ile aliigusa. Ilipoletwa kwake ilikuwa na feni, majogoo, na kikohozi cha mgonjwa. Baba mkubwa, Bwana Ibrahimu, alisema, "Nyumba hii, Saleha," kisha kikohozi kikamshika, kirefu, kikameza yote yaliyofuata. Najat aliipeleka kwa mashine iisafishe. Aliomba iondoe kikohozi tu. Mashine ikaondoa kikohozi, na mahali palipobaki wazi ikajaza yenyewe, kwa sauti ile ile ya baba mkubwa, polepole, kwa upendo: "ni yako, nimekupa hiba." Najat alijiambia kwamba bila shaka hayo ndiyo marehemu aliyotaka kusema. Angesema nini kingine? Hakumwambia mtu. Hata mamkubwa hakumwambia, maana mamkubwa alipoisikia alidhani maneno hayo yalikuwa yamefichwa na kikohozi, akalia, akamshukuru Mungu, akaomba aachiwe aisikilize tena.

Alirudi barazani uso unadondoka maji. Sabiri alikuwa ameuweka msahafu mikononi mwa Bi Harusi.

"Apa, mwanangu," Bi Saleha alisema kutoka nyuma ya pazia. Sauti ilikuwa imepata nguvu. "Apa wanyamaze. Nyumba si kitu, mie nakwambia kweli, nyumba wangeichukua ningekaa hata kwako. Ile sauti ndiyo inayoniamsha asubuhi nikasali. Naisikiliza kila siku, najua mume wangu aliondoka ananiwazia. Waambie ni yake. Ni yake, Najat, si ndiyo?"

Angeweza kuapa. Sabiri angerudi Mwera, na mamkubwa angelala kwake. Mkono wake ulifika mpaka juu ya msahafu, ukabaki hewani.

"Najat?"

"Nusu yake, mamkubwa."

Kisha pete za pazia zikalia kwenye waya. Bi Saleha, ambaye tangu mumewe azikwe hajaonwa na mwanamume wa pembeni, alivuka kizingiti na nguo yake nyeupe, kichwa wazi, akawapita Sabiri na Sadalla kama hawapo, akamwendea Najat moja kwa moja. Na barazani kote watu wakainua simu zao.